Thumni ya Ekari Ni Mita Ngapi?

Majuzi, katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha hapa viungani mwa Eldoret, palizuka ubishi uliotuchelewesha kuingia madarasani kwa dakika kumi nzima. Chanzo chake kilikuwa karatasi moja. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Historia ambaye sina haja ya kumtaja, alikuwa amepokea hatimiliki ya ploti aliyoinunua miaka mitatu iliyotangulia kwa mkopo ambao hadi leo unakatwa kwenye mshahara wake. Alipoifungua karatasi hiyo aliona tarakimu hizi: hekta 0.045. Akaitazama kwa muda, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa mchana, "Jamani, thumni yangu ya ekari imekwenda wapi?"

Nasi tukacheka, maana tulidhani anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha. Mtu huyu ana shahada ya chuo kikuu, amefundisha miaka kumi na minane, na anaweza kukueleza sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia bila kufungua kitabu. Lakini kati ya thumni aliyouziwa na pointi sufuri nne tano aliyoandikiwa hakuona daraja lolote. Alidhani ameachiwa kipande kisichotosha hata kaburi.

Mwalimu wa Hisabati alichukua chaki akaenda ubaoni. Ekari moja, akasema, ni mita za mraba 4,047, tukikadiria. Thumni yake, yaani sehemu moja katika sehemu nane, ni mita za mraba 506. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo hekta 0.045 ni mita za mraba 450. "Hujapoteza shamba zima, bwana," akamwambia, "umepungukiwa mita za mraba 56." Mwenzetu alipumua kwanza, kisha akakunja uso. Mita za mraba 56 ni vyumba sita vya mita tatu kwa tatu, na bado utabakiwa na pahali pa kuanika nguo. Vyumba hivyo vilikwenda wapi?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kulizungumzia leo, kwa kuwa mkasa huu si wake peke yake. Yamkini kuna maelfu ya watu katika kaunti hii ambao wamenunua ploti za aina hiyo, na wengi wao hawajui walinunua nini hasa. Nitaeleza polepole, na namwomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Katika biashara ya ploti hapa kwetu, watu hutaja vipimo vitatu kana kwamba ni kimoja. Cha kwanza ni thumni ya ekari, ambayo ni futi za mraba 5,445. Cha pili ni ile maarufu ya hamsini kwa mia, yaani futi hamsini upana na futi mia urefu, ambayo ni futi za mraba 5,000 tu. Ukizigeuza ziwe za mita unapata mita za mraba 464 na nusu. Cha tatu ni kile anachokipima mpimaji ardhi anapofika na vyombo vyake vya mita. Aghalabu huyu hukata mita 15 kwa mita 30, kwa sababu mita 15 zinakaribia futi 50 na mita 30 zinakaribia futi 100, na tarakimu hizo ni nyepesi kuandika. Mita 15 kwa 30 ni mita za mraba 450. Basi mnunuzi anaambiwa thumni mezani, anaonyeshwa hamsini kwa mia shambani, anaandikiwa mita 15 kwa 30 ofisini. Kila hatua imemega kidogo, na hakuna hata mmoja kati ya waliohusika anayeweza kuitwa mwongo waziwazi.

Wauzaji wana maelezo yao, na haki inanilazimu niyataje. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ukizigawa kwa 5,000 unapata ploti nane na masalio. Masalio hayo ndiyo yanayotengenezewa barabara ya ndani, na bila barabara hutafikisha hata mkokoteni wa maji kwako. Kwa hiyo, wanasema, kila mwenye ploti amechangia njia. Maelezo hayo yana mantiki. Kinachonikera ni kwamba hayatolewi kabla ya fedha kulipwa. Hutolewa baadaye, mtu anapokuja na karatasi mkononi na jasho usoni. Zaidi ya hayo, mkataba wa mwenzetu haukutaja futi wala mita wala ekari. Uliandikwa "ploti moja". Lau angetaka kwenda mahakamani, angekwenda na neno gani?

Ubishi wetu wa chumba cha walimu uligawa watu katika kambi mbili, na nadhani kambi hizo ndizo zilizomo nchini kote. Mwalimu mmoja kijana alishikilia kwamba ekari, futi, inchi na maili zipigwe marufuku kabisa. Alisema Kenya iliingia katika vipimo vya mita tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea katika miaka ya 1970, kwamba sheria yetu ya mizani na vipimo inajulikana, na kwamba kuendelea kuzungumza kwa futi ni kumbeba mkoloni mgongoni miaka zaidi ya sitini baada ya Uhuru. Mwalimu mwingine, mzee anayekaribia kustaafu, alimjibu kwamba shamba la babake lilinunuliwa kwa ekari, likagawanywa kwa ekari, na wazee waliosuluhisha mpaka waliusuluhisha kwa hatua za miguu. Hekta, akasema, ni neno la karatasi. Hajawahi kumsikia mtu yeyote sokoni akiuliza bei ya hekta.

Mimi naona kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Huyo kijana anasahau kwamba mji huu wenyewe ni mtoto wa vipimo vya Mwingereza. Kabla haujaitwa Eldoret mwaka 1912, mahali hapa palijulikana kwa nambari tu: shamba nambari 64, ambapo posta ilifunguliwa mwaka 1910. Husimuliwa kwamba nambari hiyo ilikwenda sambamba na maili 64 za njia ya magari ya ng'ombe kutoka kwenye reli. Wenyeji walilichukua neno la Kiingereza wakalilainisha likawa Sisibo, na wako wazee ambao hadi sasa wanauita mji hivyo. Ukigeuza maili 64 utapata kilomita 103. Hakuna aliyewahi kupendekeza kwamba mji uitwe Mia na Tatu. Tarehe 15 Agosti 2024 mji huu ulitunukiwa hadhi ya jiji, na Sisibo ikaingia jijini pamoja nao.

Vivyo hivyo na ardhi. Wazungu walipojitwalia nyanda hizi za Uasin Gishu walizipima kwa ekari. Uhuru ulipokaribia, mpango mkubwa wa kuwapatia Waafrika mashamba ulioanza mwaka 1962 uliitwa Skimu ya Ekari Milioni Moja. Vyama na kampuni za kununua mashamba zilizofuata ziliuza hisa kwa ekari. Kwa hiyo kumbukumbu ya umma kuhusu nani ana nini, nani alilipa nini, nani alimwachia nani, imehifadhiwa kwa ekari. Huwezi kuifuta kwa tangazo la serikali. Na mkulima wa kawaida anaijua ekari kwa miguu yake: hatua sabini kwa hatua sabini. Hesabu hiyo si ya ovyo hata kidogo. Ekari ina yadi za mraba 4,840, na sabini mara sabini ni 4,900.

Hata hivyo, mzee wetu naye anasahau jambo. Hatua sabini za nani? Mtu mrefu akipiga hatua za mita moja moja, "ekari" yake itakuwa na mita za mraba 4,900, zaidi ya ekari halali kwa sehemu moja katika tano. Mtu mfupi atapata pungufu. Nimewahi kusikia, na sina budi kukiri kwamba nilicheka, juu ya mtu aliyekodisha shamba la kulima mahindi kwa msimu mmoja, akampeleka mpwawe mrefu kama mlingoti akapige hatua. Mwenye shamba naye akamleta bintiye wa darasa la sita. Ilibidi watafute kamba.

Kambi zote mbili pia husema kana kwamba historia ilianza na mzungu. Kabla ya futi na mita, watu wa pwani walikuwa na shibiri, dhiraa na pima kwa urefu. Walikuwa na kibaba na pishi kwa nafaka, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Na wafanyabiashara wa pembe na karafuu walipima kwa frasila, ambayo ilikuwa ratili thelathini na tano au sita hivi. Kibaba bado kimo midomoni mwetu kwa ajili ya methali ya haba na haba, ingawa nina hakika kwamba wanafunzi wengi wanaoiandika katika insha zao hawajawahi kukiona. Kwa hiyo anayesema tuache futi kwa sababu ni ya kigeni, na aniambie mita ilizaliwa wapi. Ilizaliwa Ufaransa katika miaka ya mapinduzi yao, mwishoni mwa karne ya kumi na nane, na wataalamu walioibuni waliikisia kuwa sehemu moja katika milioni kumi za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Ubora wa mita hautokani na uzawa wake. Unatokana na kumi. Mtu yeyote anayeweza kusogeza nukta anaweza kutoka milimita hadi kilomita, ilhali anayetaka kutoka inchi hadi maili lazima akariri kumi na mbili, tatu, na 1,760.

Na tusijidharau katika jambo hili la kumi. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilihesabiwa kwa senti mia tangu siku ya kwanza. Uingereza yenyewe iliendelea na pauni ya shilingi ishirini, na shilingi ya peni kumi na mbili, hadi Februari 15, 1971. Nusu karne nzima mama muuza mboga wa Eldoret alihesabu chenji kwa njia nyepesi kuliko mwenye duka wa London.

Ninapotafakari zaidi naona kwamba vipimo vya kale havikuondoka, vilibadilisha nguo. Chukua gunia la mahindi. Bei ya mahindi hapa kwetu bado hutangazwa kwa gunia la kilo 90. Kwa nini 90 na si mia? Sababu ni kwamba gunia la zamani lilikuwa la ratili 200, na ratili 200 ni kilo 90 na gramu mia saba na ushei. Walipogeuza walikata masalio wakabaki na tisini. Debe nalo ni debe la mafuta ya taa la galoni nne, ambazo ni lita kumi na nane na kidogo. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, lakini haubebi kilo mbili za kila kitu, kwa sababu mahindi, maharagwe na unga havina uzito sawa hata vikijaa chombo kimoja. Na mkebe ukigongwa nyundo kitako kikaingia ndani, basi hata huo ujazo si ule. Mnunuzi ataona mkebe umejaa na kupita juu, atashukuru, ataondoka. Hapa hakuna mita wala futi; kuna nyundo. Wakulima wa viazi wanajua dhuluma inayofanana na hiyo kwa jina la lumbesa, gunia lililoongezewa wavu juu hadi likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia. Kanuni za zao la viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Kanuni hizo ni nzuri, ila kilo 50 zinahitaji mizani, na mkulima aliye kando ya barabara hana mizani. Mizani anayo mnunuzi, kama ipo.

Nimesema nitawaomba wasomaji wavumilie hesabu. Imebaki moja, nayo ina pesa nyingi ndani yake kuliko ile ya ploti. Ni hesabu ya mbolea. Vituo vya utafiti wa kilimo duniani kote huandika matokeo yao kwa kilo kwa hekta. Wakulima wa Uasin Gishu, Nandi na Trans Nzoia hulima kwa ekari. Tuseme kijikaratasi kinashauri kilo 150 za mbolea kwa hekta. Hizo ni magunia matatu ya kilo 50. Mkulima anayesoma "magunia matatu" akayapeleka kwenye ekari yake moja ametia mara mbili na nusu ya kipimo, maana ekari hiyo ilihitaji kilo 61 tu. Karibu magunia mawili ameyazika ardhini bure, na ada ya shule ya mtoto imo humo. Kosa la upande wa pili ni la kimya zaidi: aliyezoea gunia moja kwa ekari anaona hati yake imeandikwa moja, hajali kama ni hekta, anatia gunia lile lile moja, na mahindi yanakuwa ya manjano Juni ikifika. Jirani atasema ni mvua.

Juu ya hospitali sitasema mengi. Mama anaambiwa mililita tano, nyumbani ana vijiko vya namna nne. Wauguzi wengi siku hizi humpa kikombe kidogo chenye mistari, na hilo limetatua jambo bila hotuba yoyote.

Wako watakaouliza kama inawezekana kwa taifa kuishi na vipimo viwili bila kuchanganyikiwa. Eldoret, mji wa wanariadha, una jibu lake. Uwanja wetu unaitwa kwa jina la Kipchoge Keino. Mwaka 1966, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston, Jamaica, Keino alishinda maili moja na maili tatu. Miaka minne baadaye michezo hiyo ilifanyika Edinburgh, na kwa mara ya kwanza viwanja vyake vilipimwa kwa mita. Keino akashinda mita 1,500. Kati ya hapo, mwaka 1968 kule Mexico, alikuwa amekwisha kumwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma katika mita hizo hizo 1,500 na kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Maili ni mita 1,609 na sehemu; tofauti ni mita 109 na kidogo. Miguu ilikuwa ile ile, lakini Keino alijua vyema ni kipimo kipi alichokuwa akikikimbia. Hata leo maili ndiyo mbio ya pekee isiyo ya mita ambayo rekodi yake ya dunia hutambuliwa, na mwenye rekodi hiyo kwa wanawake ni Faith Kipyegon wetu, aliyekimbia dakika 4, sekunde 7 na nukta 64 mjini Monaco Julai 21, 2023. Alipojaribu kushuka chini ya dakika nne mjini Paris Juni 2025 alifika dakika 4, sekunde 6 na nukta 42, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi kwa jinsi zilivyoandaliwa. Laiti kila mnunuzi wa ploti angekuwa na hakika ya umbali wake kama mwanariadha!

Kwingineko mambo hayajakwenda kwa utulivu huo. Julai 1983 ndege ya shirika la Air Canada iliishiwa na mafuta ikiwa angani, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kwa ratili ilhali yalitakiwa yahesabiwe kwa kilo. Rubani aliishusha kama kishada katika uwanja wa zamani wa Gimli, na hakuna aliyepoteza maisha. Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kuizunguka sayari ya Mirihi kilipotea kwa sababu kundi moja la wahandisi lilitoa tarakimu za nguvu kwa vipimo vya Kiingereza na kundi jingine likazisoma kama za mita. Hao ni watu wenye kompyuta na shahada tele. Mwalimu wetu wa Historia asione haya.

Nao Waingereza, wenye futi yao? Mwaka 2022 serikali yao iliwauliza wananchi kama wangependa kurudi kwenye ratili na aunsi madukani. Zaidi ya watu laki moja walijibu, na karibu wote, asilimia 98.7, walitaka vipimo vya mita viendelee kutumika. Barabara zao bado ni za maili, na bia yao bado ni ya painti. Kwa hiyo hata nyumbani kwa futi wenyewe wanaishi na vyote viwili, ila kila kimoja kina mahali pake panapojulikana.

Na hapa nawageukia walimu wenzangu, kwa sababu naamini sehemu ya lawama ni yetu. Mtoto wa Kenya hufundishwa mita, ari na hekta. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na hata katika mtaala wa umilisi ulioufuata, ameonyeshwa kwamba ari ni mita za mraba mia na hekta ni ari mia. Anafanya mazoezi, anapata alama ya vema, anatoka nje ya lango. Nje ya lango fundi anamwambia chumba ni futi kumi kwa kumi. Mwenye duka la vifaa anamuuzia mabati kwa mita lakini misumari kwa inchi. Mbao ni mbili kwa nne, za inchi, zikihesabiwa kwa futi. Gurudumu la baiskeli yake ni la inchi 26. Shamba ni ekari. Hajawahi kusikia mwalimu akilitamka neno ekari darasani, kana kwamba ni tusi. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja hodari wa Hisabati thumni ya ekari ni mita za mraba ngapi. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, hiyo haimo katika kitabu chetu."

Sisemi turudi kwenye ratili. Vipimo vya mita ndivyo vya sheria, ndivyo vya sayansi, na ndivyo vyepesi. Navitetea bila kusita. Nisemalo ni kwamba shule isiyomfundisha mtoto kugeuza ekari kuwa hekta inamwachia dalali kazi hiyo, na dalali hatoi somo bure. Vipindi viwili tu vingetosha. Futi moja ni mita 0.3048, inchi ni sentimita 2.54, ratili ni gramu 454, ekari ni hekta 0.405. Tarakimu nne. Mtoto anayekariri mito ya Marekani hashindwi na tarakimu nne.

Na kwa upande wa ardhi nathubutu kuomba jambo dogo zaidi: kila mkataba wa kuuza ploti, hata ule unaoandikwa kwa mkono chini ya mti mbele ya mzee wa mtaa, utaje upana na urefu kwa mita, na eneo kwa hekta, kabla ya kutaja bei. Ekari na iandikwe kando kwa anayeitaka. Wakili hatapungukiwa na chochote. Muuzaji mkweli hatapungukiwa na chochote.

Baada ya ubishi wetu, mwalimu wa Hisabati aliwatoa wanafunzi wake uwanjani na kamba na vigingi. Waliweka alama tatu, moja ndani ya nyingine: mita 15 kwa 30, futi 50 kwa 100, na thumni kamili ya ekari. Wakatembea katika vijia vilivyobaki kati ya kamba na kamba, wengine wakicheka, wengine wakipima vijia hivyo kwa rula zao ndogo za sentimita 30, ambazo upande wa pili zina inchi kumi na mbili wasizokuwa wamezitumia hata siku moja. Mwenzetu wa Historia naye alikuja kutazama, mikono nyuma.

Siku iliyofuata wanafunzi wanne walileta shuleni nakala za mikataba ya wazazi wao, wakitaka tuwasaidie kuhesabu. Tatu tulizimaliza kabla ya kengele ya chakula. Ya nne ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, sahihi mbili na alama moja ya kidole gumba, na mahali pa ukubwa wa ardhi palikuwa na maneno mawili tu: "pointi moja". Pointi moja ya ekari ni mita za mraba 405. Pointi moja ya hekta ni mita za mraba 1,000. Tulimrudishia kijana karatasi yake tukamwambia amuulize baba alilipia ipi. Akasema baba naye ndiye aliyemtuma aje atuulize sisi.